Kioo cha Nyuma Si cha Abiria

Vijana wangu wa karakana, siku ile ya kuniaga mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, na nadhani mlijua nitasahau. Sijasahau. Tangu nistaafu kazi yangu ni moja tu, kukaa barazani hapa Mabwerebwere na kusikiliza injini ambazo hazipo. Nikisinzia mchana naiona barabara ya Mikumi inanijia, nyeupe kwa ukungu wa asubuhi, na twiga wamesimama kandoni kama watu waliowahi mkutano. Mke wangu ananigusa bega. "Baba Asha, mguu unakanyaga breki tena." Nikitazama chini nakuta ndala imeshaniponyoka.

Kwa hiyo msinishike sana kwenye miaka na tarehe. Mambo mengine niliyaona na mengine huenda niliyaota nikiwa nangoja waheshimiwa watoke kikaoni. Anayejua usingizi wa dereva kwenye usukani, mlango wazi, mguu mmoja nje, atanielewa.

Siku ya kwanza kazini sikupewa gari. Nilipewa ndoo na kitambaa. Dereva mkuu wakati huo alikuwa Mzee Kibwana, mtu mfupi aliyekalia mto wa sufi ili aione barabara, na hakuna aliyethubutu kuucheka mto ule. Wiki nzima niliosha gari. Wiki ya pili akanikalisha kwenye usukani, yeye akakaa nyuma.

"Kwenye kioo unaona nini?"

"Nakuona wewe, mzee."

"Umefeli. Teremka."

Nilipanda na kuteremka mara tatu siku ile. Mwisho alisogea mbele mwenyewe, akakigeuza kioo kidogo kwa kidole, uso wake ukapotea na barabara ya nyuma ikatokea yote. "Kioo cha nyuma ni cha magari," akasema, "si cha abiria. Aliyekaa huko nyuma analia, anacheka, amelewa, amepanda na nani, wewe hayakuhusu. Na masikio yako yaache getini, utayakuta jioni."

Mengine aliyonifundisha mnayajua, maana niliwapigia kelele nanyi. Jeki bila kipande cha gogo chini yake kwenye tope ni jeki iliyozikwa. Koleo likae nyuma ya kiti, lisikae chini ya mizigo. Kitabu cha safari kinaandikwa ulikotoka na ulikofika, basi. Ukikuta tembo barabarani pale hifadhini, zima honi, punguza taa, tulia. Tembo hana haraka, na wewe hujapewa kibali cha kumharakisha. Niliwahi kungoja kundi zima livuke, watoto wakiburuzwa kwa mikonga, na afisa mmoja nyuma yangu akilalamika kwamba kikao kimeshaanza. Nikamwambia ashuke awaeleze.

Waheshimiwa nimewabeba wengi. Wana tabia moja: wakishafunga mlango wanasahau kuwa dereva ni mtu. Nimesikia ya ndoa, ya waganga, ya watoto waliokataliwa na ya watoto waliodaiwa na wanaume wawili. Yamepita kichwani kama vumbi la Kidodi, unalifuta linarudi. Sikusimulia hata kwa mke wangu, naye alinichukia kwa hilo miaka mingi, maana nani anataka kuolewa na redio iliyozimwa?

Lakini moja nitalisimulia. Ninyi wenyewe mlibishana siku ile kama mambo ya nyumbani kwa mwanasiasa yanamhusu mpiga kura, nami nikajifanya nakunywa chai.

Jina lake halisi silitaji, tumwite Sadiki. Alikuwa diwani, na kwa safari za kamati nilimbeba sana. Babu yangu mimi alikuja Kilosa kutoka Unyamwezi kukata mkonge, na Sadiki ni Msagara, kwa hiyo ni watani. Mnajua wenyewe, mtani anaweza kukusimanga mbele ya wakwe zako ukabaki unachekacheka, na siku ya msiba wako atavaa koti lako aige unavyotembea, wafiwa wacheke huku wanalia.

"Mtani, umekonda," angeniambia asubuhi. "Mkeo amekunyima ugali?"

"Nimekonda kwa kubeba uongo wako, mtani. Mzito kuliko saruji."

Tuliishi hivyo, vizuri kabisa. Alikuwa mchapakazi yule bwana, na hili nitalisema popote. Kikao kikimshinda mchana alikirudia kesho yake.

Masika moja tulikuwa tunatoka Malolo, kukagua mfereji wa mashamba. Mimi na yeye tu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na dunia yote ilikuwa rangi moja, huoni mbingu inaanzia wapi. Gurudumu la nyuma likazama. Nikashuka na koleo, na kabla sijapiga hata pigo la pili akatokea mzee mmoja na jembe begani, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmepatikana."

Hakungoja kuombwa. Alichimba mfereji mdogo kuelekea bondeni, maji yakaanza kutoka chini ya tairi. "Tope ukilitoa maji linabaki udongo tu," akaniambia. Hilo nimelitumia hadi nastaafu, nanyi litumieni. Sadiki hakuwa ameshuka. Alikuwa amepandisha kioo na kutazama upande wa pili.

"Huyo ndani haumwi?" mzee akauliza.

"Haumwi, mzee. Mgeni wa halmashauri, anasoma karatasi zake."

Mzee akanyoosha mgongo, akatazama kile kioo chenye matone. Kisha akasema taratibu, "Kisogo kile ni cha marehemu baba yangu. Mwambie mwanangu ashuke kidogo, gari lipungue uzito."

Nilifungua mlango kwa upenyo. Sijui hata nilitaka kusema nini. Sadiki hakugeuka. "Mwambie nina homa," akasema.

Nikamwambia mzee, mgeni ana homa. Mimi yule yule niliyesema haumwi. Hakunisuta. Akalishika jembe lake upya, akasema, "Basi asitoke, mvua itamzidishia." Akachimba peke yake upande wake na mimi upande wangu mpaka gari likatoka.

Tulifika kwenye lami. Ndipo Sadiki akasema, "Umemsikia."

"Mimi dereva, Mheshimiwa. Sina masikio."

"Alimfukuza mama yangu mchana kweupe. Mvua kama hii, mimi nikiwa mgongoni. Mjomba ndiye aliyetupokea Kilosa, na jina ninalotumia ni la mjomba. Leo ndiyo ananionea huruma ya homa?"

Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Nilikuta mkono wangu unakisogeza kioo, nisimwone. Nilimhurumia, nasema kweli, na nikawahurumia wote wawili, na tulipopita hifadhini swala walikuwa wamesimama kwenye mvua bila kujikinga. Niliandika kitabuni: Malolo, Kilosa, tope. Wazee wawili watatu wa kule kijijini walimjua mtoto huyo ni wa nani, lakini nao walinyamaza, kwa aibu ya mwenzao.

Miaka ikaenda. Sadiki akapigania daraja la miguu kule Malolo, maana watoto walikuwa wanakosa shule kila mto ukijaa. Alipigania mpaka wenzake wakachoka naye. Kwa nini Malolo, wakati kata yake ni nyingine kabisa, hakuna aliyeuliza. Mimi nilijua, au nilidhani najua.

Halafu akaomba kiti kikubwa, cha jimbo zima. Mimi nilikuwa likizo, nimeenda na mke wangu kwao Kidodi, na mkutano ukafanyika hapohapo. Malori ya miwa yalikuwa yanapita, na majivu ya mashamba yaliyochomwa yalikuwa yanashuka polepole juu ya watu, meusi na mepesi, yanatua kwenye mitandio ya kina mama na hakuna anayejali. Sadiki akapanda jukwaani. Akasema ya daraja, wakapiga makofi. Akasema ya maji, wakapiga makofi. Kisha akashusha sauti.

"Ndugu zangu, mimi ni yatima. Baba yangu nilimzika hata meno ya pili sijaota. Ninyi ndio baba zangu, ninyi ndio mama zangu!"

Kina mama wakalia. Mke wangu akafuta machozi, akajipaka majivu shavuni. Na mimi, ambaye sikuwahi kufungua mdomo miaka yote ile, nikasikia damu imepanda. Nilimwona akilini mzee yule amejifunika mfuko wa mbolea. Nikasimama, nikapaza sauti kama tunavyopaziana siku zote:

"Mtani! Mtani muongo wewe! Baba yako hajafa! Yupo Malolo, analima vitunguu!"

Vichwa vyote vikanigeukia. Nilimwona Sadiki amekikaza kipaza sauti. Pumzi moja tu. Kisha akacheka.

"Mnamwona Mnyamwezi huyu? Watani zangu hawa, hata marehemu watamfufua ili wale pilau lake mara mbili!"

Loo! Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Watu wakanipigapiga mgongo, mmoja akanipa muwa. Nilisema ukweli mtupu kwa kinywa kipana, na kwa sababu niliusema kwa utani, ukageuka utani. Lilikuwa kosa langu mwenyewe. Makofi aliyopata baada ya hapo hakuwa ameyapata mchana wote.

Njiani mke wangu akasema, "Umempigia kampeni." Kisha akanitazama vizuri. "Hivi… ni kweli?"

"Kweli tupu."

"Na wewe ulijua?"

"Miaka."

Akasimama katikati ya njia, Mama Asha, na lori la miwa likapiga honi. "Mtu aliyemzika baba yake akiwa hai, mimi atanizika lini?"

"Lakini daraja ni yeye, Mama Asha. Na huyo baba naye hukumjua alivyokuwa ujanani. Mambo ya nyumba ya watu."

"Ya nyumba ya watu yakae nyumbani! Yeye ndiye aliyeyapandisha jukwaani, akaniliza nayo. Chozi langu lile alilitaka la nini, kama si kura?"

Mpaka leo naona alinishinda. Mtu akigombana na baba yake ni shauri lao, wala sitaki kuchungulia. Lakini akishamtumia huyo baba kuniombea kura, basi ameniita mwenyewe nije nimtazame. Mzee Kibwana hakunifundisha hili, kwa sababu enzi zake abiria walikaa nyuma wakanyamaza.

Wiki chache baadaye kazi ilinifikisha Malolo, nikaenda kumsalimia mzee. Naye tumwite Mzee Mkude. Macho yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho. Alinitambua kwa sauti. Nilimkuta anacheka peke yake.

"Juzi nimepewa pole ya msiba wangu," akasema. "Jamaa wa ukoo wa marehemu mke wangu, yuko Kidodi, anajua kijana ni wa nani. Alimsikia kijana jukwaani kwamba nimekufa, ya lini hakushika, akafunga safari kuja kuwapa pole watu wa hapa. Ananikuta napepeta mpunga! Mwanangu, alitupa mkoba akakimbia."

Tulicheka mpaka akakohoa. Kisha kicheko kikamtoka usoni chote kwa mara moja. "Nilimkosea mama yake," akasema. "Hilo sikatai, na anichukie. Ila kuitwa marehemu kunaniuma. Watu wananisalimia huku wanatabasamu, wanadhani ni mchezo. Mimi nataka kijana anitolee shikamoo moja tu, nikiwa nasikia bado."

Ule utani wangu wa Kidodi ndio uliomfanya kichekesho, na nilimwambia hivyo. Akanipapasa mkono. "Wewe angalau ulisema nipo."

Siku ya kura nilipangiwa kupeleka vifaa Malolo. Asubuhi ile ilikuwa tulivu sana, watu wamepanga foleni hawasemi, na jua linapanda kwenye vilima kama halina uhakika. Mzee Mkude akaletwa ameshikwa mkono na jirani. Asiyeona anaruhusiwa kuchagua mtu wa kumsaidia. Msimamizi akamuuliza, jirani huyu ndiye?

"Hapana. Yupo dereva hapa? Nataka dereva."

Nikaingia naye nyuma ya kile kikasha cha karatasi ngumu cha kupigia kura. Nikamnong'oneza majina kutoka juu hadi chini. Akasikiliza, kichwa kimeinama.

"Nitilie alama kwa yule anayetumia jina la shemeji yangu."

Vijana, kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Mzee haoni, na hakuna mwingine anayetazama. Nilikuwa na hasira na Sadiki, hasira ya majivu ya Kidodi, na mstari wa mpinzani wake ulikuwa upana wa kidole tu kutoka pale. Nikamuuliza, "Mzee, una uhakika? Anakuita marehemu."

"Daraja nimelivuka, nikiwa naona na nikiwa sioni," akanong'ona. "Mimi simchagui awe mwanangu. Hilo halimo kwenye karatasi."

Nikatia alama pale aliposema. Nikamwongoza mkono, akaitumbukiza karatasi sandukuni mwenyewe. Nje akanivuta shati. "Nikifa ndiyo umwambie. Kabla ya hapo atadhani naomba kitu." Na kama mnataka kujua kura yangu mimi ilikwenda wapi, endeleeni kutaka.

Sadiki alishinda. Alipata gari lake na dereva wake, tukawa tunaonana kwa mbali. Lakini mwezi wangu wa mwisho kazini gari lake liliharibika Mikumi, ikabidi nimpeleke mimi kwenye ziara, njia ileile. Alifurahi, akakaa mbele. "Mtani, unastaafu? Nani atanitukana sasa?"

Nilicheka kidogo. Tulikuwa tunakaribia njia panda ya Malolo. Mzee alisema akifa. Lakini ya nini kungoja kaburi, watu wawili wote wakiwa hai na mimi ndiye niliyeshika usukani? Nikaegesha gari pembeni. Nikamwambia yote: foleni, kalamu, na maneno yale, "jina la shemeji yangu."

"Mtani," akasema, "acha utani."

"Leo sitanii, Mheshimiwa."

Akacheka. Akaniangalia, akaona mimi sicheki, na kicheko chake kikaisha vibaya. Alitazama mikono yake. Malori yalipita, moja, mbili, tatu, gari letu likitikisika kila mara. Nilidhani atanifukuza kazi kwa simu, siku ishirini kabla sijafukuzwa na umri.

"Alisema jina la shemeji?"

"Ndivyo alivyosema."

"Ingia hiyo njia," akasema.

Mzee alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, uso ameuelekeza juani. Hakuna mtu mwingine. Kuku watatu. Sadiki alishuka akiwa na viatu vyake vya ziara, akasimama kwenye uzio wa miti, nami nikasimama nyuma yake, maana ningebaki garini ningekufa kwa kutojua.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo."

Mzee hakuitikia. Aligeuza sikio upande wetu, akawa ametulia hivyo, na nilisikia hata kuku wanavyochakura. "Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Huyu ni mtu aliyejitaja kwenye majukwaa yote kuanzia hapa hadi Kidodi, kwa spika, kwa mabango, kwa fulana. Nilimwona anaanza lile jina la mjomba, herufi ya kwanza ikatoka, akaimeza.

"Sadiki," akasema. "Sadiki Mkude."

"Marahaba," akasema mzee.